Ukitumiwa sarafu usizoziomba, usiziguse: Hila ya ‘vumbi’ katika pochi za kidijitali

Na MWANDISHI WETU

MTU akiamka asubuhi na kukuta shilingi kumi zimeongezeka katika akaunti yake ya M-Pesa, na aliyezituma hamjui, jambo la kwanza atakalodhani ni kuwa mtumaji amekosea nambari. Jambo la pili, hasa iwapo ni Mkenya aliyewahi kutapeliwa, ni kujiandaa kwa simu ya mtu atakayelia na kusihi arejeshewe hela ambazo pengine hazikutumwa kamwe.

Katika pochi za sarafu za kidijitali, hela za namna hiyo huingia pia. Tofauti ni kuwa hakuna anayepiga simu. Mtumaji hunyamaza, na hana haja ya kurejeshewa chochote. Anachosubiri ni kuona mwenye pochi atazifanyia nini hela hizo.

Wataalamu wa usalama wa mitandao huziita hela hizo vumbi, na kitendo chenyewe shambulizi la vumbi. Jina limetokana na udogo wake: ni kiasi kisichotosha kununua chochote, kinachotua kimya kimya juu ya mali ya mtu, naye asikitambue mpaka siku atakapoipangusa.

Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni jambo la matajiri wa Nairobi au wa ng’ambo. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Mtu anayeishi mahali padogo, mathalan Kau, ana sababu nyingi zaidi za kulielewa kuliko anayeishi katika jiji la mamilioni ya watu.

Kau ni kijiji kilicho kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini ambako mto huo unaingia katika Bahari Hindi, katika eneobunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Zama za kale palikuwa bandari ya mtoni. Mitumbwi ya Wapokomo ilileta mazao kutoka bara kupitia mfereji wa Belezoni uliounganisha Tana na Ozi, na wafanyabiashara wa mwambao wakaja kuyanunua. Katika biashara ya aina hiyo, kila mmoja aliona mwenzake ameshusha nini gatini. Hakuna aliyeweza kuficha shehena ya mtumbwi.

Daftari la Bitcoin linafanana na gati hilo kuliko linavyofanana na benki.

Daftari lisilofungwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume mmoja wa Kau ana kaka yake anayefanya kazi Muscat. Kila baada ya miezi miwili kaka humtumia Bitcoin, kwa kuwa wameona njia hiyo inawafaa. Huyu wa Kau huiuza kwa dalali aliyeko Malindi, naye dalali humlipa kwa M-Pesa. Kando na hizo, mwanamume huyu ana akiba nyingine ya Bitcoin aliyoinunua pole pole kwa miaka mitano, ambayo hata mkewe hajui kiwango chake.

Katika M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, rekodi za miamala hukaa kwa kampuni. Jirani hawezi kuzisoma. Katika Bitcoin, rekodi zote tangu Januari 2009 ziko wazi kwa yeyote mwenye rununu na intaneti. Kinachofichika ni jina tu. Mahali pa jina pana anwani, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu usiomtaja mtu yeyote.

Watu wengi wameichukua hali hiyo kuwa ni usiri. Si usiri, bali ni lakabu. Mtu akishajua lakabu yako ni ipi, anasoma yote uliyoyafanya chini yake, ya jana na ya miaka kumi iliyopita.

Sasa dalali wa Malindi anajua nini? Anajua jina la mwanamume wetu, kwa sababu M-Pesa humwonyesha jina la anayemtumia fedha. Anajua pia anwani ambayo Bitcoin ilitoka. Ameshika ncha zote mbili za uzi. Lakini akiba ya miaka mitano imewekwa katika anwani nyingine, ambazo dalali hajawahi kuziona na ambazo hazijawahi kukutana na zile za kaka wa Muscat. Alimradi makundi hayo mawili hayakutani, akiba imesitirika.

Kazi ya vumbi ni kuyakutanisha.

Noti na chenji

Ili kuelewa jinsi linavyofanya hivyo, ni sharti kwanza kufahamu kuwa pochi ya Bitcoin haina salio moja lililochanganyika kama akaunti ya benki. Ndani yake mna vipande. Kila malipo yaliyowahi kupokewa hubaki kipande kinachojitegemea, mfano wa noti iliyotiwa mfukoni siku yake.

Bitcoin moja hugawanywa katika sehemu milioni 100, na kila sehemu huitwa satoshi. Tuseme mwanamume wetu amepokea kipande cha satoshi 500,000, kisha cha 300,000 na cha 200,000. Akitaka kumlipa dalali satoshi 600,000, hakuna kipande kimoja kinachotosha. Pochi itachukua kile cha 500,000 na kile cha 200,000, ivitoe pamoja, na kurejesha chenji ya takriban satoshi 100,000 baada ya kukatwa ada.

Muamala huo ukiandikwa katika daftari, yeyote anayeusoma atakisia jambo moja: vipande hivyo viwili vina mwenyewe mmoja. Asingeweza kuvitoa pamoja kama hana funguo za siri za vyote viwili. Mwasisi wa Bitcoin, anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto, alilikiri jambo hili katika waraka wake wa Oktoba 2008. Alieleza kuwa muamala unaounganisha vipande kadhaa hauna budi kufichua kwamba vilikuwa vya mtu mmoja.

Ipo miamala ambayo watu kadhaa huamua kuungana ili kuvuruga hesabu hii, kwa hiyo kisio hilo halisadifu kila mara. Hata hivyo, husadifu mara nyingi kiasi cha kuwa msingi wa kazi ya kampuni zinazouza huduma za kufuatilia miamala, kama vile Chainalysis na Elliptic, ambazo wateja wake ni pamoja na idara za polisi za mataifa mbalimbali.

Hapa ndipo vumbi linapoingia. Mtu asiyejulikana anatuma satoshi mia chache kwa kila anwani anayotaka kuichunguza. Kama wakazi wa delta ya Tana wajuavyo, mfugaji humfunga ng’ombe kengele ili asimpoteze kichakani. Chukulia sasa mtu anayetaka kujua ng’ombe walio katika maboma mawili tofauti ni wa nani. Usiku anamfunga mmoja wao kengele, mwenyewe asijue, kisha anakaa mbali na kusikiliza. Kengele haiibi ng’ombe. Lakini siku mwenye mifugo atakapowatoa wote pamoja kwenda mtoni kunywa maji, sauti yake itamwambia msikilizaji kila anachotaka kujua.

Pochi nyingi huchagua vipande vya kulipia zenyewe, bila kumwuliza mwenye mali. Ndiyo sababu vumbi hufanikiwa. Mwanamume wetu atabonyeza kitufe cha kutuma, pochi itaokota kipande cha kaka wa Muscat, kipande cha akiba na chembe ya vumbi, na kuvifungasha katika muamala mmoja. Kuanzia dakika hiyo dalali wa Malindi, akijua kusoma, anaweza kuijua akiba ya miaka mitano.

Si gharama kubwa, wala si bure

Kipo kiwango cha chini ambacho mtandao wa Bitcoin hukubali kukipitisha. Kwa anwani za aina ya kale, zinazoanza kwa tarakimu 1, kiwango hicho kwa kawaida ni satoshi 546, na kwa zile mpya zinazoanza kwa bc1q ni satoshi 294. Bei ya Bitcoin ikiwa dola 100,000, satoshi 546 ni kama nusu dola, yaani takriban Sh70. Anayetaka kurusha vumbi juu ya anwani elfu kumi atahitaji Sh700,000 kabla ya ada. Kwa hiyo katika Bitcoin mshambulizi hana budi kuchagua walengwa wake, na aghalabu huwachagua wenye vingi.

Katika sarafu nyingine ni rahisi mno. Agosti 2019, soko la Binance lilitangaza kuwa vumbi limerushwa juu ya pochi za watumiaji wa Litecoin. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa karibu anwani 300,000 zilikuwa zimeguswa, kila moja kwa sehemu 546 kati ya milioni 100 za Litecoin moja. Ukizijumlisha zote, vumbi hilo halifiki hata Litecoin mbili. Binance ilieleza baadaye kuwa aliyelirusha alikuwa na kundi lake la uchimbaji wa sarafu na alitaka kulitangaza. Lakini nia yake haikubadilisha lolote kwa waliopokea: alama ilikuwa imeshawekwa katika daftari, na mtu mwingine yeyote angeweza kuisoma.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2018, watengenezaji wa pochi ya Samourai waliwaonya watumiaji wao kuwa vumbi linawaingilia, wakawapa njia ya kukitia kipande alama ya kutotumika. Waasisi wa pochi hiyo walikamatwa mwaka 2024 kwa kesi iliyofunguliwa Marekani kuhusu huduma yao ya kuchanganya sarafu, jambo ambalo ni tofauti na alama hiyo. Kufungia kipande cha vumbi ni sawa na kuacha sarafu iliyookotwa njiani ibaki pale ilipo, na leo pochi kadhaa zina uwezo huo.

Vumbi laweza pia kutumiwa kwa kejeli. Agosti 8, 2022, Wizara ya Fedha ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya Tornado Cash, huduma ya kuficha chanzo cha sarafu za Ethereum. Siku iliyofuata mtu asiyejulikana alichukua sarafu kutoka huduma hiyo na kuzituma, kidogo kidogo cha Etha 0.1, kwa watu mashuhuri ambao anwani zao zinajulikana, akiwemo mtangazaji wa runinga Jimmy Fallon. Ujumbe ulikuwa bayana: ikiwa kupokea ni kosa, basi hawa nao washtakiwe. Marufuku hayo yaliondolewa Machi 2025. Tukio hilo linabaki kuwa funzo kwamba hakuna awezaye kuzuia kitu kisiingie katika anwani yake. Mlango wa kupokea hauna komeo.

Pale vumbi linapoiba

Tumesema kengele haiibi ng’ombe. Kauli hiyo ni kweli kwa vumbi la aina ya kwanza, ambalo haliwezi kusoma yaliyomo katika rununu, kugundua ufunguo wa siri wala kuonyesha mwenye pochi yuko wapi. Anayelipata hana sababu ya kutaharuki.

Lipo hata hivyo vumbi la aina ya pili, ambalo limeenea katika mitandao ya Ethereum na Tron. Hili la pili huwagusa Wakenya moja kwa moja, kwa sababu wengi wanaopokea dola za kidijitali za USDT huzipokea kupitia Tron, ambako ni kawaida kukuta mtu amekutumia sehemu moja kwa milioni ya sarafu ya TRX.

Katika mitandao hiyo pochi haina vipande kama vya Bitcoin. Ina salio moja, hivyo hesabu ya kuunganisha vipande haipo. Tapeli hutumia udhaifu mwingine, nao ni macho ya binadamu. Anwani ya Tron ina herufi na tarakimu 34, ikianza na T. Hakuna anayezisoma zote. Watu huangalia nne za mwanzo na nne za mwisho, wakaridhika.

Tapeli anaona katika daftari kuwa wewe humtumia mtu fulani mara kwa mara. Anaiamuru tarakilishi yake itunge anwani maelfu kwa maelfu mpaka ipatikane moja inayoanza na kuishia kama ya mtu huyo. Kisha anakutumia vumbi kutoka anwani hiyo ya bandia, ili ikae juu kabisa katika orodha yako ya miamala. Siku utakapotaka kutuma tena, utafungua orodha, utainakili ya juu ukidhani ni ya ndugu yako, na fedha zitakwenda kwa tapeli. Hakuna wakala wa kumpigia simu ili muamala urudishwe.

Mei 2024 mtu mmoja alinaswa hivyo akapoteza sarafu 1,155 zinazowakilisha Bitcoin katika mtandao wa Ethereum, za thamani ya takriban dola milioni 68 wakati huo. Baada ya mashauriano yaliyofanywa hadharani kupitia daftari lenyewe, sehemu kubwa zilirejeshwa. Ni nadra sana kwa mwizi kurudisha, na mtu wa kawaida aliyepoteza karo ya mtoto hana nguvu za kumshurutisha.

Kuna pia tokeni za bure zinazotumwa zikiwa na jina la kuvutia na anwani ya tovuti. Mwenye pochi anayefuata tovuti hiyo ili ‘adai zawadi’ huombwa aidhinishe jambo asilolielewa, na idhini hiyo ndiyo inayofagia pochi. Wakenya hawajasahau mwaka 2023, maelfu walipopiga foleni jijini Nairobi kuchunguzwa mboni za macho na Worldcoin ili wapate tokeni za takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2 mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data hizo za maumbile zifutwe. Tofauti ni kuwa foleni ile mtu aliiendea kwa miguu yake, ilhali vumbi humfuata alipo.

Pwani imewahi kuyaona haya

Ukanda wa Pwani si mgeni wa daftari la wazi. Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa ulianzisha hela za kijamii zilizoitwa Bangla-Pesa, kwa usaidizi wa shirika la Grassroots Economics. Wazo hilo lilikua likawa Sarafu, ambayo baadaye ilihamishiwa katika daftari la kidijitali na kutumiwa kwa rununu za kawaida, ikiwemo Kinango katika Kaunti ya Kwale na mtaa wa Mukuru jijini Nairobi.

Watafiti walichapisha mwaka 2022 rekodi za miamala ya Sarafu kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021: miamala zaidi ya 400,000 ya watumiaji kama 40,000. Majina yaliondolewa, kama inavyopasa, na rekodi hizo zimekuwa hazina kubwa kwa wanaotaka kujua jinsi majirani walivyosaidiana wakati wa janga la corona. Hakuna baya katika kazi hiyo.

Lakini msomaji na ajiulize. Katika rekodi za namna hiyo, anwani ikionyesha kuwa mtu fulani wa kijiji fulani anauza maji, na kijiji kina wauza maji watatu, jina lina faida gani? Mwanakijiji mwenzake atamtambua kwa saa za kuuza tu.

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili kwa mkazi wa Kau. Usiri katika daftari la umma hutegemea wingi wa watu ambao mmoja wao angeweza kuwa wewe. London, muamala wa saa mbili usiku waweza kuwa wa yeyote kati ya mamilioni. Katika kijiji ambako wenye kuuza Bitcoin kwa dalali wa Malindi hawazidi vidole vya mkono mmoja, muamala uliofanywa siku moja kabla ya fulani kununua mashine ya boti hauhitaji mpelelezi.

Na kujulikana kuwa mtu ana nini ni hatari yenye uzito. Mwaka 2020 orodha ya wateja wa kampuni ya Ledger, inayotengeneza vifaa vya kuhifadhia sarafu, ilivuja mtandaoni ikiwa na majina, anwani za makazi na nambari za simu za watu takriban 272,000. Hakuna sarafu iliyochukuliwa katika uvujaji huo, lakini wateja waliandamwa na matapeli na hata vitisho. Januari 2025 nchini Ufaransa, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo alitekwa nyara na kukatwa kidole ili fidia ilipwe kwa sarafu za kidijitali. Mtu mwenye akaunti ya benki akishikiwa panga, benki ina kikomo cha kutoa fedha kwa siku. Pochi ya sarafu haina kikomo hicho.

Afanyeje mwenye pochi?

Kinga ya kwanza ni kutofanya chochote, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mtu hupenda kusafisha. Chembe ya vumbi isiyotumika haina madhara. Isitumwe, isirudishwe kwa aliyeituma, wala isiunganishwe na nyingine. Baadhi ya pochi zina kitufe cha kukusanya salio lote katika anwani moja ili kupunguza ada za baadaye. Mwenye vumbi akikibonyeza amemaliza kazi ya mshambulizi kwa mkono wake.

Kinga ya pili ni kutumia pochi inayomruhusu mwenyewe kuchagua vipande. Sparrow na Electrum kwa tarakilishi, na BlueWallet kwa rununu, zinaonyesha kila kipande na kuruhusu kukifungia kisitumike. Katika Sparrow na Electrum, anayefungua ukurasa wa vipande na kukuta cha satoshi 546 au 600 asichokikumbuka, anakibonyeza na kukifungia, basi. Afadhali pia aandike lebo kila anapopokea: ‘kaka’, ‘akiba’, ‘maembe’. Lebo hukaa katika kifaa chake tu, na baada ya mwaka mmoja ndizo zitakazomwambia kipande kipi kisikutane na kipi.

Mwanamume wetu wa Kau anahitaji zaidi ya hilo. Anahitaji pochi mbili zenye maneno ya siri tofauti: moja ya fedha za kaka zinazokwenda kwa dalali, nyingine ya akiba. Anayeweka zote katika pochi moja anategemea kumbukumbu yake kila anapotuma, na kumbukumbu huchoka.

Anwani nayo itumike mara moja. Pochi za kisasa hutoa mpya kila mtu anapotaka kupokea, na zote hulindwa na maneno yale yale ya siri, kwa hiyo hakuna usumbufu. Tatizo ni mazoea. Watu huipiga picha anwani moja wakaituma katika kundi la WhatsApp la familia, ikatumika miaka mitatu. Mbaya zaidi ni picha ya skrini nzima inayotumwa kuthibitisha malipo, ambayo huonyesha anwani, salio na saa kwa pamoja. Katika nyumba ambazo rununu moja hutumiwa na watu watatu, picha hiyo haikai kwa mmoja.

Kwa USDT na sarafu nyingine zisizo na vipande, mambo ni machache. Anwani ya kutumia isinakiliwe kamwe kutoka orodha ya miamala. Ihifadhiwe katika kitabu cha anwani cha pochi, baada ya kuthibitishwa na mwenyewe kwa simu, herufi kwa herufi, pamoja na zile za katikati. Tokeni ngeni zifichwe. Kiasi kikubwa kitanguliwe na kidogo cha majaribio, na mpokeaji aulizwe kama kimefika kabla ya kingine kutumwa.

Na aliyekwisha kuchanganya? Daftari halifutiki, kwa hiyo yaliyoandikwa yameandikwa. Linalowezekana ni kuzuia lililobaki lisifuate. Vipande ambavyo bado havijaunganishwa vihamishwe katika pochi mpya, kila kimoja kwa muamala wake, kwa anwani yake na kwa siku yake. Anayevihamisha vyote kwa mkupuo atakuwa amevifunga pamoja upya, na kulipia ada juu yake.

Sheria inafika wapi

Msimamo wa serikali umebadilika sana. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya (CBK) iliwaonya wananchi kuhusu Bitcoin, ikisema si fedha halali wala hailindwi. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria ya kusimamia watoaji wa huduma za mali za kidijitali, ikiwakabidhi CBK na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji (CMA) jukumu la kuwapa leseni.

Sheria hiyo inawahusu wanaotoa huduma, yaani masoko, walinzi wa sarafu na wengine wa aina hiyo. Inawataka wawatambue wateja wao. Ni jambo la haki kwa vita dhidi ya ulanguzi wa fedha, ila maana yake kwa mada yetu ni kwamba majina mengi zaidi yatafungamanishwa na anwani, na majina hayo yatakaa katika tarakilishi ambazo zaweza kuvuja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe katika hali fulani, na ipo ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamishi. Soko likivujisha kitambulisho chako, pana wa kumlalamikia. Lakini vumbi halina ofisi. Aliyelirusha hajulikani, na daftari lenyewe limesambaa katika maelfu ya tarakilishi duniani, hakuna hata moja inayoweza kuamriwa ifute ukurasa na wengine wakaufuta.

Dalali wa Malindi, kwa upande wake, bado ana jina na anwani. Yeye si mshambulizi, na huenda hajawahi kusikia habari za vumbi. Mwanamume wetu akitaka kuendelea kufanya biashara naye, na amlipe kutoka pochi ya kaka pekee. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, afungue ukurasa wa vipande atazame ni vipi vimechaguliwa. Ni kazi ya nusu dakika, hata pale mtandao unaposuasua.